Mtu wa Kumsema Bi Ratiba

Jumatatu asubuhi Bi Ratiba alikwenda kuikagua nyumba ya Mkunga akiwa na tochi, tepu ya kupimia na mume. Tochi na tepu alivitumia sana. Mume aliambiwa akae kivulini apige soga na mwenye nyumba, kwa sababu Fundi, aliyeitwa hivyo na mtaa mzima kwa kazi yake ya kutengeneza majokofu, alikuwa na maradhi ya kuridhika. Ukimwonyesha ukuta wenye ufa atakwambia amewahi kuona mbaya kuliko huo.

Mkewe haridhiki upesi. Alipanda ngazi akachungulia darini, akayahesabu mabati yenye kutu, akapata kumi na mawili. Akafunua mfuniko wa shimo la maji taka na kuinama pale kwa muda ambao mtu mwenye adabu zake hawezi kuinama. Alifungua mabomba yote kwa pamoja ili aone maji yatalegea kiasi gani, akasoma mita ya umeme, akagonga kuta kwa kidole huku ametega sikio. Kisha akatoka nje ya geti kumuuliza jirani wa kushoto kama mvua ikinyesha maji huingia ndani, kisha akaenda kumuuliza na jirani wa kulia swali lile lile, kwa sababu majirani nao wana chuki zao.

Nyumba ilikuwa nzuri, na hilo lilimkera, maana bei nayo ilikuwa nzuri. Mkunga, mama mstaafu aliyezalisha karibu nusu ya watoto wa mtaa ule, alitaka milioni arobaini na nane. Palikuwa na vyumba viwili vya mwenyewe na vitano vya kupangisha. Vinne vilikuwa na watu, kila kimoja kikilipa elfu themanini kwa mwezi, na kimoja kilikuwa kitupu. Chumba cha namna ile katika mtaa ule hakipungui laki na ishirini. Bi Ratiba alipiga hesabu akiwa bado juu ya ngazi. Akikijaza kile kitupu na kupandisha kodi, nyumba itairudisha fedha yake katika muda usiofika miaka saba. Akiiacha kodi kama ilivyo, ni miaka kumi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na miaka mitatu haikuwa mchezo.

"Kwa nini unauza rahisi?" alimuuliza Mkunga aliposhuka, akijifuta utando wa buibui usoni.

"Siuzi rahisi. Kuna mwenye maghala amenipa sitini, pesa mkononi. Lakini yule atavunja. Mimi nakwenda kukaa kwa binti yangu, sitaki kila nikipita hapa nione magunia. Nataka mtu atakayehamia humu mwenyewe."

"Hilo halina shida. Mimi na mzee tutahamia."

"Na wapangaji wakukubali."

Bi Ratiba alidhani hakusikia vizuri. Mkunga akamweleza polepole, kama anayemwelekeza mtu dawa. Ndani ya nyumba ile hata mpangaji mpya hapiti bila wenzake kukaa na kumkubali. Ndivyo walivyozoea kwa miaka kumi na minne. Kile chumba kilikuwa kitupu kwa miezi miwili kwa sababu wameshawakataa watu wanne.

"Wanakataa wao, kodi unakosa wewe?"

"Nakosa. Lakini sijawahi kumfukuza mtu. Jumamosi saa nne asubuhi waniambie kama wamekukubali. Wakikukataa, saa sita anakuja mwenye maghala."

*

"Mpangaji amchague mwenye nyumba," Bi Ratiba alisema njia nzima ya kurudi. "Kesho kuku watachagua mpishi."

"Watachagua asiyejua kunoa kisu," Fundi akasema.

Nyumba waliyoishi iliachwa na marehemu baba yake Fundi. Ilikuwa ya Fundi na dada zake wawili, yaani Bi Ratiba hakuwa na hata tofali moja la kwake. Kazi yake ilikuwa kuisimamia. Uani kulikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha: cha Msusi, cha Mwalimu na cha Mlinzi. Kila tarehe moja yeye ndiye aliyekusanya kodi, na kila tarehe mbili wifi yake mkubwa alikuja kuchukua fungu la dada wawili, akaketi kwenye kochi na kusema, "Nyumba yetu hii inataka rangi." Neno "yetu" alilitamka akimwangalia kaka yake tu.

Jina la Bi Ratiba alipewa na wapangaji. Shuleni alikokuwa karani ndiye aliyepanga vipindi, na alipostaafu hakuona sababu ya kuacha. Ratiba ilibandikwa ukutani uani, ndani ya karatasi ya nailoni. Kamba ya kuanikia nguo: Msusi Jumatatu na Alhamisi, Mwalimu Jumanne na Ijumaa, Mlinzi Jumatano. Maji ya tangi: ndoo tatu kwa chumba. Wageni: waandikwe kwenye daftari, watoke saa mbili unusu. Hiyo nusu iliwakera wapangaji kuliko mengine yote, maana walishindwa kujua ilitoka wapi.

Mwaka uliopita Fundi alilazwa wiki nzima kwa kifua. Siku ya tatu Bi Ratiba alirudi kutoka hospitali kuchukua shuka safi, akamkuta wifi yake chumbani anapima dirisha kwa tepu. Wifi hakushtuka. Alisema anaangalia tu pazia la mita ngapi litatosha. Bi Ratiba alichukua shuka, akarudi wodini, akamlisha mumewe. Lakini tangu siku ile alianza kuulizia nyumba zinazouzwa. Kiinua mgongo na akiba yake vilikuwa milioni hamsini kamili, na nyumba ya kwanza iliyoingia ndani ya hesabu hiyo ilikuwa ya Mkunga.

"Nunua," Fundi alimwambia jioni ile walipokuwa wakila. "Hati iandikwe jina lako peke yake. Langu lisiwemo, hata kwenye mashahidi."

"Na wakinikataa?"

"Wakukatae wewe? Wewe unajua kupokea watu."

Bi Ratiba hakujua kupokea watu, na wote wawili walilijua hilo. Alishukuru hata hivyo.

*

Jumatano jioni walifika wajumbe wawili. Mmoja alikuwa Mshona Viatu, mzee mwembamba mwenye kidole gumba cheusi kwa dawa ya viatu, aliyeishi kwa Mkunga muda mrefu kuliko wenzake wote. Wa pili alikuwa Mama Pacha, muuza sabuni, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye kila alipotazama kitu ulijua kimeshaandikwa mahali. Mshona Viatu ndiye aliyebeba daftari.

Sasa, Bi Ratiba alikuwa bingwa wa kuchuja wapangaji. Alikuwa na fomu yake ya maswali ishirini na mawili, na baada ya fomu alikuwa na tabia ya kumzukia mtu kwake bila taarifa, aone anavyoishi. Aliwahi kumkataa mhasibu kwa sababu ya sufuria. Kukaa upande wa pili wa meza hakujawahi kumpata, na kiti cha wageni aligundua leo kwamba kina msumari.

"Hapa umekaa miaka mingapi?" Mshona Viatu alianza.

"Ishirini na sita."

"Kwa nini unahama?"

"Nataka kukaa kwangu."

Mama Pacha alimtazama Mshona Viatu, Mshona Viatu akaandika. Walimuuliza anaamka saa ngapi. Walimuuliza kama mzee anakoroma, Fundi akajibu mwenyewe kwamba anakoroma, lakini kwa ubavu wa kulia tu. Walimuuliza mpangaji akiuguza au akipoteza kazi atampa muda gani. Bi Ratiba akasema inategemea. Mshona Viatu akaandika.

"Na kodi mwaka wa kwanza itakuwa ngapi?"

"Hilo tutaona."

"Unaandika nini?" Bi Ratiba akauliza, maana kalamu ilikwenda kwa muda mrefu.

"Nimeandika 'tutaona'."

Mama Pacha aliomba kuona jiko. Bi Ratiba alisimama mlangoni mwa jiko lake mwenyewe akimtazama mgeni akifungua kabati la chini, lile lenye vitu ambavyo hata Fundi hajui kama bado vipo, akapitisha kidole juu ya rafu na kukikagua kidole. Uso ulimwaka kwa aibu. Alifikiria wanawake wote aliowahi kuwafanyia hivyo, na kwa mara ya kwanza akakumbuka kwamba hakuna hata mmoja aliyezungumza wakati ule.

"Mwisho," alisema Mshona Viatu. "Kesho tungependa kuongea na wapangaji wako. Bila wewe kuwepo."

"Kesho nitakuwa sokoni," Bi Ratiba alisema.

*

Kesho yake hakwenda sokoni. Alijifungia jikoni, dirisha la uani wazi kidogo, akakaa juu ya ndoo.

Alikuwa na hofu, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Wiki mbili tu nyuma alizianua nguo za Msusi na kuziweka juu ya ngazi, kwa sababu zilikuwa kambani siku ya Mwalimu. Mlinzi alikuwa na mgeni aliyeandikwa kwenye daftari kama "mwanamke, kofia", na mgeni huyo alikuwa mama yake.

"Yule ni mama kabisa," alimsikia Msusi akisema. "Ukiumwa anakuulizia. Mimi nikitoka hapa sijui nitampata wapi mwingine."

"Mpangilio," ikafuata sauti ya Mwalimu. "Nimefundisha miaka kumi na tisa na sijaona uongozi kama huu. Wenzenu mmepata bahati. Mkitaka nitaiandika."

"Usalama," alisema Mlinzi, ambaye hakuwa mtu wa maneno. "Usafi pia."

Bi Ratiba alilia pale juu ya ndoo. Alilia kimyakimya, kwa khanga mdomoni, machozi ya mtu aliyefanya kazi kwa miaka mingi bila kuambiwa asante akidhani hakuna aliyeona. Kumbe walimwona. Wageni walipoondoka alitoka uani akajifanya anatoka sokoni, akamwambia Msusi kwamba wiki hii anaweza kuanika siku yoyote. Msusi alishika kifua kwa mshtuko. Mwalimu akaongezewa ndoo ya nne.

"Wananipenda," alimwambia Fundi jioni. "Ungewasikia. Sikujua."

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la mteja. Alisema vizuri, akaendelea kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

*

Ijumaa asubuhi wajumbe walirudi, na walikataa kukaa.

"Majibu si mazuri, dada," alisema Mshona Viatu.

"Wamenisema?"

"Hapana. Wamekusifu. Wote watatu, na hakuna hata mmoja aliyekosea neno."

Mama Pacha akamalizia kwa sauti yake ya chini. "Mwalimu ametuuliza mara tatu kama utahamia kwetu kabla ya tarehe moja. Mlinzi amejitolea kubeba makabati, hataki malipo. Msusi yeye alisema mkokoteni atautafuta mwenyewe, na kama ni leo, hata leo."

Bi Ratiba hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kanuni hiyo aliijua kuliko wao. Mwenye nyumba akimsifu mpangaji kupita kiasi, basi anamsukuma nje. Yeye mwenyewe aliwahi kumwandikia mpiga tarumbeta mmoja barua ya sifa ya kurasa mbili ili tu aende akapulizie kwingine. Hakuwahi kufikiria kwamba kanuni ile inaweza kumrudi, na jana alikaa juu ya ndoo akalia kwa furaha. Hilo ndilo lililomchoma.

"Kwa hiyo mmenikataa."

"Hatujakukataa," alisema Mama Pacha. "Ila hatukujui. Sifa za namna ile hazitusaidii. Tuletee mtu mmoja akuseme vibaya, mbele yetu na mbele yako. Tukiujua ubaya wako ni upi, tutajua kama tunauweza."

"Kesho saa nne," Mshona Viatu akakumbusha, akafunga daftari.

Walipoondoka, Bi Ratiba alikwenda kusimama nyuma ya jokofu, alikokuwa Fundi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua," alisema Fundi. "Juzi Msusi aliniuliza kama rafiki yangu wa gari la mizigo ana nafasi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, mama. Sijakuona na furaha hivyo tangu ustaafu."

Alitaka kumkasirikia akashindwa. Alikaa kwenye kochi, palepale wifi anapopenda kukaa, akajiuliza ni nani katika dunia hii angemsema vibaya kwa ukweli, bila kumwogopa na bila kutaka kitu. Wapangaji wa uani hawakufaa, wangemsifu mpaka lori lifike. Jina lilikuja mara moja. Alijaribu kutafuta lingine kwa nusu saa nzima, halafu akavaa viatu.

*

Dobi alikuwa na kibanda nyuma ya zahanati, alikofua na kupiga pasi mashuka na sare za watu. Miaka mitatu nyuma alikuwa mpangaji wa chumba ambacho sasa ni cha Msusi. Alimwona Bi Ratiba anakuja, akasema shikamoo kama mtu anayelipa ushuru, na pasi haikusimama.

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Kazi ipo."

Bi Ratiba alieleza yote, amesimama, maana hakukaribishwa kukaa. Alieleza nyumba, wapangaji, daftari, sifa, na saa nne kesho. Dobi alikunja shuka, akaliweka juu ya mengine, akavuta jingine.

"Ngoja nielewe. Unataka nije nikuseme."

"Ndiyo."

"Mbele za watu, na wewe umekaa hapo unasikiliza."

"Ndiyo."

"Unanilipa ngapi?"

"Nikikulipa watasema nimekununua."

Dobi aliipumzisha pasi kwa mara ya kwanza, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Ungekuja mwaka juzi, mama, ningekulipa mimi," alisema.

Hakusema kama atakuja. Bi Ratiba alirudi nyumbani bila jibu, na usingizi wake wa usiku ule ulikuwa mbaya.

*

Jumamosi, ilipofika saa nne kasoro dakika tano, Dobi aliingia getini kwa Mkunga amevaa gauni lililonyooka kuliko ukuta wa nyumba ile. Wapangaji wa vyumba vinne walikuwa wamekaa uani kwenye viti vya kila aina. Mkunga alikuwa kibarazani na hati ya kiwanja kwenye bahasha mapajani, na karibu yake wakili kijana aliyekuwa akiangalia saa. Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Bi Ratiba alipewa kiti cha katikati.

"Mimi nilipanga kwake mwaka mmoja na miezi minne," Dobi alianza, bila kuambiwa aanze. "Alinipandishia kodi mara mbili. Maji alinipimia kwa ndoo, na mimi kazi yangu ni kufua. Mama yangu alikuja kunitembelea, saa mbili unusu akamwambia muda umekwisha, mzee wa watu hajamaliza chai. Siku moja akaona nimeanika siku isiyo yangu. Akanipa siku saba nitoke. Mkataba ulisema siku thelathini. Mvua inanyesha, mashuka ya wateja hayajakauka, nikayabeba mabichi kichwani, safari nne. Na yeye alisimama mlangoni."

"Alisema nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Aliniambia nisichafue sakafu."

Mshona Viatu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Ni kweli?"

Bi Ratiba alikuwa na maelezo. Usiku kucha aliyapanga: malalamiko ya Mwalimu wakati ule, bili ya umeme iliyopaa kwa ajili ya pasi, wifi aliyekuwa akiuliza kodi. Aliyatafuta yote akayapata, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililohusu siku saba.

"Ni kweli," alisema. "Mkataba ulisema thelathini."

"Sasa kwa nini ulimpa saba?"

"Kwa sababu nilijua angeondoka bila ubishi. Nilijua hana pa kunishitaki. Lilikuwa jambo baya. Nililijua siku ile ile, na sikwenda kumwambia. Naona aibu."

Fundi aliangalia ndoo yake. Dobi, aliyekuwa amejiandaa kwa ubishi wa angalau nusu saa, alibaki na mdomo wazi, akaufunga.

"Na amana yake?" aliuliza Mshona Viatu.

"Alinirudishia yote," Dobi akasema kwa kusitasita. "Siku ile ile. Hilo siwezi kumsingizia."

Wapangaji waliinuka wakaenda kukutana nyuma, karibu na tangi la maji. Ziliwachukua dakika kumi, na katika dakika hizo wakili aliangalia saa mara sita. Waliporudi, Mama Pacha ndiye aliyesoma. Kodi ibaki elfu themanini kwa miaka miwili, na baada ya hapo ipande kwa kukubaliana. Notisi ni siku thelathini, kwa kosa lolote. Kamba ya nguo haina siku, wala wageni hawana daftari. Chumba kikiwa kitupu, mpangaji mpya apitishwe na wenzake kama kawaida. Yote yaandikwe na atie sahihi kabla ya Mkunga kuuza.

"Ukikubali, karibu," alimaliza. "Ubaya wako ni mkubwa, lakini tunauweza."

Hesabu zilikimbia kichwani mwa Bi Ratiba. Miaka isiyofika saba ilikuwa imeshaanza kuelekea kumi, na bado hajayagusa mabati kumi na mawili. Karani ndani yake alitaka kuinuka aondoke. Halafu akamwona akilini wifi akipima dirisha, mumewe akiwa bado hai kitandani hospitalini. Akaomba kalamu.

Alitia sahihi kwa wapangaji kwanza, kisha kwa Mkunga. Mkunga akampa bahasha, na wakili akasoma jina la mnunuzi kwa sauti, jina moja tu. Fundi alipiga makofi peke yake akaacha alipoona wengine hawapigi. Bi Ratiba aliishika bahasha kwa mikono miwili. Hakuwahi kumiliki kitu kisichobebeka.

Watu walianza kuinua viti. Dobi hakuinuka.

"Na kile chumba kitupu?" aliuliza.

Mshona Viatu aligeuka. "Unakitaka wewe?"

"Kwangu panavuja. Na hapa kamba haina siku, nimesikia."

"Si huyu uliyekuwa unamsema sasa hivi?"

"Nimemaliza kumsema," Dobi alisema.

Viti vikashushwa tena. Mshona Viatu akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akauliza kama ilivyo desturi: nani hapa anamjua? Wapangaji walitazamana. Hakuna aliyemjua zaidi ya mtu mmoja, na wote wakamgeukia mtu huyo, aliyekuwa mwenye nyumba kwa dakika tano.

Bi Ratiba aliiweka bahasha mapajani. Ingekuwa rahisi kumsifu, na moyo wake wote ulitaka kumsifu.

"Kodi yake haiji tarehe moja," alisema. "Huja tarehe tano, mara nyingine sita. Akipiga pasi anaimba, na hana sauti. Kamba ataijaza yote asubuhi kabla hamjaamka. Umeme anautumia kuliko wote, msipompa mita yake mtagombana."

Kalamu ilikimbia. Dobi alikuwa akiitikia kwa kichwa, jambo moja baada ya jingine.

"Aliwahi kukuachia deni?" aliuliza Mama Pacha.

"Hapana."

"Hata alipotoka kwa zile siku saba?"

Bi Ratiba alimgeukia Dobi. "Alizilipia," alisema. "Zote saba."

Mama Pacha akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono minne ilipanda, vyumba vinne, na Mshona Viatu akaihesabu kwa ncha ya kalamu. Wa Bi Ratiba hakuuhesabu, maana mwenye nyumba hana kura. Yeye alikuwa ameunyoosha hata hivyo.